Kupima joto la kelele la risiva ya milimita kwa njia ya Y: mwongozo kamili kwa anayeanza maabara

Wakuu, hili swali linarudi kila wanafunzi wapya wa PhD na mapostdoc wanapoingia maabara. Mtu ana risiva ya 230 GHz na anataka joto lake la kelele, yaani kelele ya risiva yenyewe ikiandikwa kama joto kwa kelvini (K). Kachukua kipande cha Eccosorb (sponji inayofyonza mawimbi), kakichovya kwenye naitrojeni kimiminika, kapata Y, kajaza fomula, imetoka 95 K wakati aliyekuwepo kabla yake alipata 60 K na risiva ni ileile. Kesho yake inatoka 70, keshokutwa 110. Basi anaanza kufungua kraiostati (chombo kinachoipoza risiva) kutafuta waya uliolegea, na hapo ndo anaharibu kweli.

Mara nyingi risiva haina shida kabisa. Fomula nayo haina shida. Ila fomula inakula namba tatu, yaani joto la lodi ya moto (kifyonzaji chenye joto la chumba), joto la lodi ya baridi (kifyonzaji kwenye naitrojeni), na uwiano wa pawa kati ya hizo mbili, ambao ndo Y, na watu wanazimeza zote bila kuzihoji, hasa ile 77 K ya naitrojeni. Kwahiyo hapa tutatumia muda mwingi kwenye lodi ya baridi na kwenye pawa mita, hesabu yenyewe ni mistari miwili tu.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla hujagusa chochote

- Risiva iliyopoa tayari na kukaa usiku mzima. Usianze kupima saa moja baada ya kufika 4 K.
- Vipande viwili vya kifyonzaji cha aina moja, Eccosorb AN-72 inatosha. Kimoja cha moto, kimoja cha baridi.
- Boksi la stairofomu, lile jeupe jepesi linalokuja na tivii mpya, lisiwe na ufa.
- Naitrojeni kimiminika ya kujaza boksi angalau mara mbili. Mjazo wa kwanza karibu wote unaishia kupoza boksi.
- Kipimajoto kidogo cha kuchomeka ndani ya kifyonzaji cha moto.
- Pawa mita yenye sensa inayofika bendi ya IF yako (frikwensi ya chini inayotoka kwenye miksa), pamoja na filta ya bendi hiyo.
- Atenyueta ya 3 dB na ya 10 dB.
- Mkanda wa mkononi wa kuondoa umeme tuli.
- Ngao ya uso, glovu pana za kraiojeniki, na kipima oksijeni cha chumba.
- Daftari. La karatasi, sio faili utakalosahau jina lake.

Kuhusu naitrojeni, nasema mara moja tu. Lita moja ya maji yake inatoa karibu lita 700 za gesi, na gesi hiyo haina harufu wala rangi, inasukuma oksijeni nje na wewe unalala bila kujua. Kipima oksijeni kikilia, kwa kawaida kwenye 19.5%, toka nje, usibaki eti unamalizia kipimo kimoja. Dewari haipandi lifti na mtu. Usibane mfuniko. Suruali iwe nje ya buti, sio ndani, na glovu ziwe pana za kuvuka haraka, maana tone likiingia kwenye glovu inayobana linakaa na ngozi. Na kama ndo umefika maabara ya ugenini, fanya mafunzo yao ya kraiojeniki kwanza hata kama bosi ana haraka. Hakuna atakayekushukuru kwa kuyaruka.

## Hatua ya 1: Acha risiva itulie

Washa bayasi (volteji ya kuendeshea miksa), osileta ya ndani, amplifaya zote za IF, alafu weka lodi ya moto mbele ya dirisha na uiache. Amplifaya zikipata joto geini inatembea, na geini ikitembea kati ya kusoma moto na kusoma baridi, huo mtembeo wote unaingia kwenye Y.

Angalia pawa kwa dakika kadhaa. Ikihama chini ya 0.02 dB ndani ya dakika moja, endelea. Ikiwa bado inateremka polepole, nenda kanywe chai.

Kama miksa yako ni ya SIS (ya jankisheni ya superkondakta), vaa mkanda wa mkononi kabla ya kugusa kebo yoyote ya bayasi. Umeme tuli kidogo tu kutoka kwenye sweta unaua jankisheni, na hiyo hairekebishiki.

## Hatua ya 2: Hakikisha mnyororo wa IF hausemi uongo

Hii ndo hatua inayorukwa kuliko zote. Amplifaya ya mwisho ikipewa pawa nyingi inaanza kubana, na inabana zaidi ukiwa kwenye moto kuliko kwenye baridi. Moto unasomeka mdogo kuliko ulivyo, Y inashuka, na risiva nzuri inaonekana mbovu.

Kosa linalofanana nalo: mtu anaweka filta baada ya amplifaya halafu anasoma namba ndogo kwenye mita, anadhani yuko salama. Amplifaya haijui habari za filta yako iliyoko nyuma yake, yenyewe inabeba bendi nzima. Pia pawa ya kelele ina vilele virefu kuliko wastani wake, kwahiyo kaa angalau 10 dB chini ya pointi ya kubana ya 1 dB, mi napenda 15.

Fanya hivi. Pima Y ya harakaharaka bila atenyueta. Weka 3 dB kabla ya amplifaya ya mwisho, pima tena.

Y ikipanda, mnyororo ulikuwa unabana. Ongeza atenyueta hadi Y iache kupanda. Y ikishuka, umekaribia sakafu ya mita yenyewe au umeongeza kelele ya hatua zinazofuata, rudi nyuma kidogo. Y ikibaki ileile na atenyueta na bila atenyueta, hapo ndo mahali pa kufanyia kazi.

Kabla ya hayo yote piga ziro ya mita na pawa ikiwa imezimwa. Ziro iliyokaa vibaya kuelekea hasi inakupa Y kubwa kupita ukweli, yaani risiva inaonekana nzuri kuliko ilivyo, na hakuna anayelalamika namba ikiwa nzuri ndo maana inapita miezi.

Kitu kimoja ambacho jaribio hili halikamati: miksa ya SIS yenyewe inaweza kubana inapoangalia lodi ya moto. Atenyueta iko baada yake, haitaona kitu.

## Hatua ya 3: Lodi ya moto

Hii ni rahisi lakini isome vizuri. Chomeka kipimajoto ndani ya kifyonzaji, usitumie namba ya kiyoyozi ukutani. Usikishike kwa kiganja muda mrefu kabla ya kupima.

Ukubwa ndo muhimu. Kama nusu-upana wa mwale wako (ule wa 1/e² ya pawa) pale lodi inapokaa ni w, kifyonzaji kiwe na kipenyo kisichopungua 4w. Ukikata mwale kwenye radiasi ya 2w unapoteza 0.03% tu, hiyo sahau. Ukiukata kwenye radiasi ya w, unapoteza 13.5%, na hiyo 13.5% inaangalia ukuta. Kwa lodi ya moto hutagundua maana ukuta nao uko 295 K. Kwa lodi ya baridi, 77 yako imegeuka kuwa 106 na hakuna kengele itakayolia.

Kiinamishe kidogo, kisitazamane uso kwa uso na honi, ili kinachoakisiwa kisirudi moja kwa moja kwenye risiva.

## Hatua ya 4: Lodi ya baridi, hapa ndipo wengi wanapoanguka

Kwanza ujue uzito wa kosa. Kwa risiva ya karibu 60 K, Y ni kama 2.6. Lodi yako ikiwa na joto la 5 K zaidi ya unavyodhani, jibu linakuja juu kwa 8 K. Kosa linakuzwa, halipungui. Kwa lodi ya moto kosa hilohilo la 5 K lingekupa 3 K tu. Kwahiyo nguvu zako zipeleke huku.

77 sio 77 kila mahali. Naitrojeni inachemka kwa 77.4 K kwenye shinikizo la usawa wa bahari. Ukipanda mlima inachemka mapema. Pale Pico Veleta kwenye darubini ya IRAM ya mita 30, mita 2850 juu, ni karibu 74 K. Chajnantor ilipo ALMA, kwenye mita 5000, ni karibu 72 K. Kama utapima maabara halafu upime tena darubini, badilisha namba.

Naitrojeni iliyolala wazi sio naitrojeni tupu. Ikikaa kwenye boksi bila mfuniko inavuta oksijeni kutoka hewani, na oksijeni inachemka kwa 90 K. Ukiona imeanza kuwa na ubluu, imwage mahali salama penye hewa, mbali na mafuta na vitu vya kuungua, jaza mpya.

Kuchovya na kuinua. Hii njia ni ya haraka: unazamisha kifyonzaji, unasubiri mchemko utulie kabisa, unakiinua mbele ya dirisha. Tatizo ni kwamba kinaanza kupata joto sekunde ileile kinapotoka, ncha zikitangulia. Kwenye skrini utaona pawa inashuka, inakaa tambarare sekunde chache, halafu inapanda. Namba yako ni ile sehemu tambarare ya chini. Kama huoni tambarare kabisa, inashuka na kupanda kama herufi V, basi hukukipata kikiwa baridi kweli, pengine hukusubiri mchemko uishe au ulichelewa mkononi. Barafu nyeupe ikishaota juu yake kazi imeisha, kirudishe ndani.

Boksi na kioo. Hii ndo ninayoipendekeza kama una nafasi. Kifyonzaji kinalala chini ya boksi, naitrojeni inakifunika, na kioo cha chuma cha nyuzi 45 kinaelekeza mwale chini. Lodi inakaa baridi dakika nyingi bila haraka. Ila sasa mwale unavuka uso wa kimiminika, ambao unaakisi karibu 0.8% kwa sababu naitrojeni ina kipeo cha kupinda cha karibu 1.2. Kama uso umeinama kidogo kwa mwale, hiyo 0.8% inaona chumba, unaongeza karibu 2 K, kwahiyo tumia 79 badala ya 77. Kama mwale unashuka wima kabisa, risiva inajiona yenyewe na unazalisha mawimbi yaliyosimama, tutayafikia. Inamisha boksi kidogo uwe na uhakika unaangalia nini.

Chunga kina. Naitrojeni inapungua huku wewe umekazia macho mita, na ncha za kifyonzaji zinatokeza juu bila taarifa. Jaza kila mara kabla ya seti mpya. Na ukungu ukitanda juu ya boksi usipime, upepee pembeni kwanza.

Utajua lodi imekaa sawa hivi: jaza upya, subiri itulie, soma. Subiri dakika tano, soma tena. Zikitofautiana chini ya 0.02 dB, una lodi ya baridi ya kuaminika.

## Hatua ya 5: Pishanisha moto na baridi

Usipime moto mara kumi halafu baridi mara kumi. Pima moto, baridi, moto, baridi. Ukipishanisha, mtembeo wa geini unagawanyika sawa pande zote mbili.

Watu wanakaa sekunde 60 kwa kila usomaji wakidhani wanapunguza kelele. Piga hesabu: bendi ya 4 GHz kwa sekunde 1 inakupa mtikisiko wa 0.0016%. Takwimu sio adui yako hata kidogo, adui ni mtembeo. Sekunde chache zinatosha, ila kumbuka kipoza cha aina ya GM kinapiga karibu mara moja kwa sekunde na joto la miksa linapumua nacho, kwahiyo wastani wako uchukue mapigo kamili kadhaa, usikate katikati ya pigo.

Sasa mawimbi yaliyosimama. Sogeza lodi robo ya urefu wa wimbi, ambayo kwa 230 GHz ni 0.33 mm, pima tena, chukua wastani. Weka boksi juu ya jeki ya maabara utaweza. Kama una spektramu ya IF ni rahisi zaidi kuyaona: ni mawimbi mawimbi yenye nafasi sawa. Nafasi ya 300 MHz inamaanisha kuna vitu viwili vinavyoakisiana vikiwa nusu mita mbali, chukua futi uvitafute.

Jozi kumi zenye Y zinazokaa ndani ya 1% ni sawa kabisa. 1% ya Y ni kama 2 K kwenye jibu.

## Hatua ya 6: Hesabu

Geuza dB kuwa uwiano kwanza. Tuseme tofauti ni 4.10 dB, moto ni 295 K, baridi ni 79 K.

Y = 10^(4.10/10) = 2.57

T = (T moto − Y × T baridi) ÷ (Y − 1) = (295 − 203) ÷ 1.57 = 58.5 K

Ungeweka 77 kwa mazoea ungepata 61.8 K. Zaidi ya 3 K zimetoka kwenye kuakisi kwa uso wa naitrojeni peke yake, na kuna watu wametumia wiki kutafuta 3 K ndani ya kraiostati.

Halafu kuna suala la kanuni gani ya joto umetumia. Kwa 230 GHz, hf/k, yaani nishati ya fotoni moja ikiandikwa kama joto, ni 11 K. Ukitumia fomula ya Planck tupu kwa lodi zote mbili, kila moja inashuka karibu 5.5 K na jibu linapanda kwa hiyohiyo 5.5, linakuwa 64. Ukitumia Callen-Welton, ambayo inaongeza nusu kwanta ya kelele ya ombwe, unarudi karibu palepale pa 58.5. Zote ni halali. Isiyo halali ni kulinganisha 64 yako na 58.5 ya jirani bila kuuliza.

Na useme kama ni DSB (saidibendi mbili, juu na chini ya osileta, zikihesabiwa pamoja) au SSB (moja tu). Saidibendi zote mbili zikiwa na geini sawa, namba ya SSB ni mara mbili ya DSB. Ugomvi mwingi wa mikutano ya kikundi unaishia hapo.

## Hatua ya 7: Namba ikikataa

Ikitoka karibu 280 K ghafla, umegawanya dB kwa 20 badala ya 10. Cheka, rekebisha.

Ikiwa juu kidogo kila frikwensi na haibadiliki siku kwa siku, shuku lodi ya baridi, kisha mbano, kisha dirisha. Dirisha linalopoteza 1% tu likiwa na joto la chumba linaongeza karibu 3 K na ushee. Liguse kwa macho tu: likiwa na umande, puliza naitrojeni kavu ya gesi, usifute kwa kitambaa.

Ikirukaruka bila mpangilio kwenye SIS, angalia mkondo wa Josephson, ule mkondo wa superkondakta unaopenya jankisheni na kuleta kelele. Chora pawa ya IF dhidi ya volteji ya bayasi, moto na baridi kwenye grafu moja. Jankisheni ya niobiamu ina pengo karibu 2.8 mV, na kwa 230 GHz ngazi ya kwanza ya fotoni ina upana wa 0.95 mV, kwahiyo unafanya kazi kati ya kama 1.85 na 2.8. Ndani ya eneo hilo ngazi za Shapiro, zinazoletwa na mkondo huo wa Josephson, zinaangukia karibu 1.90 na 2.38 mV. Ukiona vichuguu vyenye ncha pale, sumaku ya kuuzima mkondo huo haijarekebishwa. Rekebisha mkondo wa sumaku hadi vilainike, kisha weka bayasi sehemu laini, na chagua sehemu laini hata kama kuna ncha jirani inayotoa Y kubwa zaidi. Y ya kwenye ncha haitakuwepo kesho asubuhi.

Ikitoka chini ya 11 K kwa 230 GHz, yaani chini ya ile hf/k, usimwandikie bosi bado. Angalia ziro ya mita, na angalia kama bayasi inahama ukibadilisha lodi.

## Hatua ya 8: Iandike ili mwingine airudie

Kwenye daftari: tarehe, frikwensi ya osileta, bendi ya IF, bayasi na mkondo wa sumaku, joto la miksa, joto la lodi zote mbili na *umelipataje*, atenyueta ilikaa wapi, Y za kila jozi sio wastani tu, DSB au SSB, kanuni ya joto, na kama umerekebisha hasara ya dirisha au hapana. Piga picha ya meza ilivyopangwa.

Ukiwa mgeni kwenye kikundi, hii kurasa moja inakulinda kuliko unavyodhani. Mkubwa akisema "mbona yetu ilikuwa 60", unamwonyesha mstari kwa mstari, mnatafuta tofauti pamoja, badala ya wewe kuambiwa hujui kupima.

## Kama uko nyumbani na huna kraiostati

Unaweza kuzoeza mkono kabla hujapata nafasi ya masomo, maana njia ni ileile. Chukua LNB (kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi) ya dishi la tivii ya bendi ya Ku, osileta yake ya ndani ni 9.75 au 10.6 GHz na inatoa 950 hadi 2150 MHz, ambayo sehemu ya chini dongo la SDR (redio ya kuchomeka kwenye kompyuta) la bei rahisi linaisoma. LNB inataka 13 au 18 V kupitia kebo, kwahiyo lazima kuwe na kizuizi cha DC upande wa dongo, bila hicho unaiunguza. Zima geini ya kujirekebisha yenyewe, la sivyo Y yako itakuwa 1 milele.

Moto ni kifyonzaji, au ukikosa, ardhi au ukuta mnene wa karibu. Baridi ni anga safi, mbali na jua. Sasa kwa sisi wa Nairobi, Dar, Kampala kuna mtego: mkanda wa setelaiti za tivii unapita karibu na utosini, kwahiyo ukielekeza juu moja kwa moja unazisikiliza setelaiti. Inamisha nyuzi 30 hadi 40 kuelekea kaskazini au kusini, panda juu ya paa lisilozungukwa na majengo, na tumia frikwensi iliyo tulivu.

Kama LNB ina 50 K na anga inaonekana 15 K, na ardhi 300 K, tarajia Y ya karibu 5.4, yaani 7.3 dB. Lebo ya dukani ikisema kelele ya LNB ni 0.1 dB inadai 7 K, na hapo ungepaswa kuona zaidi ya 11 dB. Pima uone.